Uwe umemaliza: mwongozo kamili wa kunyambua vitenzi vya Kifaransa katika subjonctif passé

Siku moja darasani niliandika, tena kwa kujiamini: *Il faut que je sois mangé avant midi*. Nilikusudia kusema "ni lazima niwe nimekula kabla ya saa sita mchana". Mwalimu aliisoma, akatulia kidogo, kisha akaniuliza ni nani huyo anayetaka kunila. Sentensi yangu ilikuwa ikisema "ni lazima niliwe kabla ya saa sita".

Tangu hapo nimeliona kosa hilo hilo kwa wanafunzi wengi wanaofikiri kwa Kiswahili, na sidhani kama linatokana na uzembe. Linatokana na kujua zaidi ya tunavyodhani. Tazama "niwe nimekula". Kitenzi kisaidizi *kuwa* kimebeba ile -e ya hali tegemezi (niwe, uwe, awe), na kitenzi kikuu kimebeba -me- ya jambo lililokamilika. Subjonctif passé ya Kifaransa imejengwa vivyo hivyo: kisaidizi kinaingia kwenye hali tegemezi, kitenzi kikuu kinabaki na alama ya ukamilifu. Tofauti ni kwamba kwa kazi hii Kiswahili kina kisaidizi kimoja tu, *kuwa*, ilhali Kifaransa kina viwili, *avoir* na *être*. Nilichukua *être* kwa sababu ndicho "kuwa", nikajikuta nimeliwa.

Sharti moja kabla ya kuendelea: uwe unaimudu passé composé. Kama unaweza kusema *j'ai mangé*, *elle est partie*, *nous nous sommes levés* bila kusitasita, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha, maana subjonctif passé ni passé composé iliyobadilishwa neno moja tu. Kama bado inakusumbua, anza na hiyo kwanza.

Hatua ya kwanza: kisaidizi

Haya ndiyo maumbo yote unayopaswa kuyakariri. Hakuna mengine.

| Nafsi | avoir | être |
|---|---|---|
| mimi | que j'aie | que je sois |
| wewe | que tu aies | que tu sois |
| yeye | qu'il / qu'elle ait | qu'il / qu'elle soit |
| sisi | que nous ayons | que nous soyons |
| ninyi | que vous ayez | que vous soyez |
| wao | qu'ils / qu'elles aient | qu'ils / qu'elles soient |

Kwa sikio mzigo ni mwepesi kuliko unavyoonekana. *Aie, aies, ait, aient* hutamkwa sawa, kama "e" iliyo wazi. *Sois, soit, soient* zote ni "swa". Ukiongeza *ayons, ayez, soyons, soyez* umemaliza.

Kalamu ndiyo huleta matatizo. Kwanza, ni *qu'il ait* kwa t. Vitenzi vingine vyote vya Kifaransa, katika hali hii na nafsi hii, huishia na -e: *qu'il parle, qu'il vienne, qu'il fasse*. *Avoir* na *être* peke yake ndivyo vinavyokataa. Mkono uliozoea -e utaandika *qu'il aie*, na hata Wafaransa huliandika hivyo. Pili, *ayons, ayez, soyons, soyez* hazina i baada ya y. Vitenzi vingine vina -ions na -iez (*que nous parlions*), hivyo kishawishi cha kuandika *soyiez* ni kikubwa, kikatae. Tatu, usichanganye *que j'aie* na *que j'aille*. Hilo la pili linatoka *aller*, linatamkwa kama "ay", na maana yake ni "niende".

Sasa weka kisaidizi hicho mahali pa kile cha passé composé:

*j'ai fini* → *que j'aie fini*
*tu as compris* → *que tu aies compris*
*il est venu* → *qu'il soit venu*
*nous avons perdu* → *que nous ayons perdu*
*vous êtes partis* → *que vous soyez partis*
*elles se sont trompées* → *qu'elles se soient trompées*

Umbo limekwisha. Yanayobaki ni kuchagua kisaidizi sahihi, kuandika participe passé (lile umbo la kitenzi kikuu, kama *fini* au *venu*) vizuri, na kujua lini umbo hili linahitajika.

*J'ai fini* na *que j'aie fini* hazitofautiani sana masikioni, kwa hiyo unapoandika hutajua ipi ni ipi kwa kusikiliza tu. Badilisha nafsi: je, ungesema *que nous avons fini* au *que nous ayons fini*? Au weka kwa muda kitenzi kinachotumia *être*: *que je suis parti* au *que je sois parti*? Sikio litakujibu mara moja.

Hatua ya pili: avoir au être

Vitenzi vingi mno hutumia *avoir*, pamoja na *avoir* na *être* vyenyewe: *qu'il ait eu peur*, *qu'elle ait été malade*. Hilo la pili huwashangaza wengi, kwamba *être* haijisaidii yenyewe.

*Être* ina makundi mawili tu. Kundi la kwanza ni vitenzi vyote vyenye *se*: *se lever, se tromper, se souvenir, s'asseoir*. Kundi la pili ni orodha fupi ya vitenzi vya kwenda, kuja na kubadilika hali: *aller, venir, revenir, devenir, arriver, partir, entrer, rentrer, sortir, monter, descendre, passer, retourner, tomber, rester, naître, mourir*. Usidanganyike kwamba kila kitenzi cha mwendo kimo. *Courir, marcher, nager* na *voyager* hutumia *avoir*: *bien qu'elle ait couru*, ingawa amekimbia.

Vitenzi sita kati ya hivyo hubadilika: *monter, descendre, sortir, rentrer, passer, retourner*. Vikipata yambwa (kitu kinachotendwa) moja kwa moja, vinahamia *avoir*. Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa kuwa mahali Kifaransa kinapobadilisha kisaidizi, mara nyingi Kiswahili hubadilisha kitenzi chenyewe:

*Il est possible qu'elle soit sortie.* Yawezekana awe ametoka.
*Il est possible qu'elle ait sorti la voiture.* Yawezekana awe ametoa gari.

Kutoka na kutoa, kushuka na kushusha, kurudi na kurudisha. Ukijikuta unataka kile cha pili katika kila jozi, shika *avoir*. Kanuni hii ina tundu moja. *Monter l'escalier* kwetu ni "kupanda ngazi", hakuna -sh- yoyote, lakini kwa Kifaransa ngazi ni yambwa, kwa hiyo *qu'il ait monté l'escalier*. Vilevile *qu'il ait passé une semaine ici*. Kipimo cha mwisho basi ni yambwa: ikiwepo, *avoir*.

Hatua ya tatu: participe passé

Vya kawaida havina maneno mengi. Vya -er vinaishia -é (*parlé*), vingi vya -ir vinaishia -i (*fini, dormi, parti*), na vingi vya -re vinaishia -u (*vendu, attendu*). Visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotumika zaidi, na vinakaririka vizuri ukivipanga kwa mlio:

Mlio wa "u" ya Kifaransa: *eu* (avoir), *vu* (voir), *lu* (lire), *bu* (boire), *su* (savoir), *pu* (pouvoir), *dû* (devoir), *cru* (croire), *voulu* (vouloir), *reçu* (recevoir), *connu* (connaître), *vécu* (vivre), *tenu* (tenir), *venu* (venir), *couru* (courir), *fallu* (falloir).

Mlio wa "i": *pris* (prendre), *mis* (mettre), *dit* (dire), *écrit* (écrire), *conduit* (conduire), *assis* (asseoir), *suivi* (suivre), *ri* (rire).

Waliobaki: *été* (être), *fait* (faire), *né* (naître), *mort* (mourir), *ouvert* (ouvrir), *offert* (offrir), *peint* (peindre), *craint* (craindre).

Kuna *plu*, ambalo ni la *pleuvoir* na pia la *plaire*. *Bien qu'il ait plu toute la nuit* ni mvua iliyonyesha usiku kucha; *bien que le livre m'ait plu* ni kitabu kilichonipendeza. *Dû* ina kofia katika umoja wa kiume peke yake, ili isichanganywe na *du*. Kwa kike ni *due*.

Hatua ya nne: upatanisho

Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa. Mimi naona mtu aliyekulia kwenye ngeli hana sababu ya kuogopa upatanisho wa lugha yenye jinsia mbili tu.

Kwa *être*, participe hupatana na kiima. Ongeza -e kwa kike, -s kwa wingi, -es kwa wingi wa kike: *qu'elle soit arrivée, qu'ils soient arrivés, qu'elles soient arrivées*.

Kwa *avoir*, participe haipatani na kiima hata siku moja. Hupatana na yambwa tendwa (shamirisho kipozi, kama ndivyo ulivyofundishwa), na hapo ni pale tu yambwa hiyo inapotangulia kitenzi. Clément Marot, mshairi wa karne ya 16, aliifanyia kanuni hii beti za mafunzo, na watoto wa Ufaransa bado wanaihangaikia. Lakini sema sentensi hizi mbili kwa Kiswahili:

Nimeandika barua.
Barua nilizoziandika.

Katika ya kwanza, barua imekuja baada ya kitenzi, na hakuna kitu ndani ya kitenzi kinachoionyesha. Katika ya pili imetangulia, na kitenzi kimejaa alama zake: -zo- na -zi-. Kifaransa kinafanya jambo hilo hilo kwa herufi chache: *j'ai écrit des lettres*, lakini *les lettres que j'ai écrites*. Ukiona kwamba Kiswahili kinadai -zo-, -cho-, -lo- au mwenzake wa kurejelea yambwa, jua kwamba Kifaransa kinadai upatanisho. Vivyo hivyo kwa viwakilishi vinavyotangulia: *Je doute qu'il les ait lues*, nina shaka kama amezisoma. Ile -zi- yako ndiyo *les*, na ndiyo pia -es iliyo mwishoni mwa *lues*.

Vitenzi vya *se* vinahitaji umakini zaidi. Vinachukua *être*, lakini upatanisho wake hufuata yambwa tendwa. *Je suis contente qu'elle se soit lavée*: amejiosha, yeye ndiye aliyeoshwa, kwa hiyo -e. *Je suis contente qu'elle se soit lavé les mains*: kilichooshwa ni mikono, nayo iko nyuma ya kitenzi, kwa hiyo hakuna -e.

Kwa vitenzi vya "wao kwa wao" nina mbinu niliyojitengenezea. Tafsiri kitenzi kwa Kiswahili, utazame kama mnyambuliko wa kutendea, yaani -i- au -e-, umejipenyeza kabla ya -ana. Kuandikiana, kuambiana, kupigiana simu: hapo *se* ni yambwa tendewa, na participe haipatani. *Qu'elles se soient écrit, qu'elles se soient dit la vérité, qu'elles se soient téléphoné.* Kuonana, kupendana: hakuna kutendea, basi patanisha. *Qu'elles se soient vues, qu'elles se soient aimées.* Mbinu ina mapengo. Kufuatana haina -i-, ilhali *se succéder* haipatani (*qu'elles se soient succédé*), na -i- ya kusaidiana ni ya mzizi wenyewe, kwa hiyo *qu'elles se soient aidées* linapatana. Hata hivyo imeniokoa mara nyingi kuliko ilivyoniangusha.

Kukanusha, na mpangilio wa vijineno

*Ne… pas* hukizunguka kisaidizi, na viwakilishi hukaa kati ya *ne* na kisaidizi: *que je n'aie pas fini, qu'il ne soit pas venu, que tu ne me l'aies pas dit, qu'elle ne se soit pas réveillée*. Vielezi vifupi hukaa baada ya kisaidizi: *qu'il ait déjà mangé, que vous ayez bien dormi*. Katika kauli ya kutendwa, *été* haibadiliki lakini participe ya mwisho hupatana: *que la maison ait été vendue*.

Hatua ya tano: wakati gani umetimia?

Jina *passé* linapotosha kidogo. Ukiliamini sana utafikiri umbo hili linasema "jana". Kazi yake inakaribiana zaidi na ile ya -me-: linaonyesha kwamba tendo la kishazi tegemezi limekamilika kabla ya kitenzi cha kishazi huru, kiwe cha leo, cha jana au cha kesho.

*Je suis content que tu viennes.* Nafurahi kwamba unakuja.
*Je suis content que tu sois venu.* Nafurahi kwamba umekuja.
*J'étais content que tu sois venu.* Nilifurahi kwamba ulikuwa umekuja.
*Je veux que vous ayez rangé la salle avant mon retour.* Nataka muwe mmepanga ukumbi kabla sijarudi.

Katika mfano wa mwisho hakuna kilichotokea bado. Ukumbi umevurugika na mimi sijaondoka. Lakini nikirudi, kupanga kuwe kumekwisha, na hilo linatosha.

Kinyume chake, kitenzi kikuu cha wakati uliopita hakilazimishi subjonctif passé. "Nilitaka aje" ni *je voulais qu'il vienne*, si *qu'il soit venu*. Wakati nilipotaka, kuja kulikuwa bado mbele. Kiswahili chako chenyewe kimesema "aje", na hakikusema "awe amekuja". Kisikilize.

Hatua ya sita: nani anaiita?

Subjonctif passé huitwa na maneno yale yale yanayoita subjonctif présent. Nitataja yanayokutana na umbo hili mara kwa mara.

Hisia ndizo zinazoongoza, maana kwa kawaida mtu hufurahi au hujuta kwa jambo lililokwisha kutokea: *je regrette que, je suis désolé que, je suis surpris que, c'est dommage que, ça m'étonne que*. *Je regrette que vous n'ayez pas reçu mon message* ni sentensi ya kuiweka tayari, utaihitaji kwenye barua za kazi. Hapa Kiswahili hakikupi ishara yoyote: "nasikitika kwamba hukupata ujumbe wangu" ni kauli ya kawaida isiyo na -e. Hisia lazima uzikariri kama kundi.

Shaka na kukanusha wazo: *je doute que, je ne crois pas que, je ne pense pas que, il est possible que, il semble que*. *Je ne crois pas qu'il soit arrivé.* Ukiondoa ukanushi, hali tegemezi inaondoka nayo: *je crois qu'il est arrivé*. Angalia pia udogo wa tofauti hii: *il semble qu'il ait oublié*, lakini *il me semble qu'il a oublié*. Ukiongeza *me* umeyafanya kuwa maoni yako, na Kifaransa kinayachukulia kama kauli.

Ulazima wenye tarehe ya mwisho: *il faut que tu aies fini avant lundi*. Ni lazima uwe umemaliza kabla ya Jumatatu. Hapa lugha mbili zinashikana mkono.

Viunganishi: *bien que* na *quoique* (ingawa), *à moins que* (isipokuwa kama), *sans que* (bila ya), *jusqu'à ce que* (hadi), *à condition que* na *pourvu que* (mradi), *avant que* (kabla). *Pourvu que* likianza sentensi peke yake linageuka dua: *Pourvu qu'il ait compris !* Mungu ajalie awe ameelewa!

*Avant que* ina mazoea ya kubeba *ne* isiyokanusha chochote: *Ne pars pas avant qu'il ne soit arrivé*. Wanafunzi wa lugha nyingine huhitaji maelezo marefu juu ya *ne* hii. Sisi husema "usiondoke kabla hajafika", na hakuna anayedhani tunasema kwamba hatafika. *Ne* ya Kifaransa na haja- yetu zinafanya kazi moja, ila *ne* ni ya hiari, na mazungumzoni wengi huiacha.

Sifa za kupita kiasi na za pekee: *le plus beau, le meilleur, le seul, le premier, le dernier*. *C'est la plus belle chanson que j'aie jamais entendue.* Ndio wimbo mzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Ile -wahi ni *jamais*, nayo -zo- imekuletea *entendue*.

Mwisho kuna hali ya "iwe, isiwe": *Qu'il ait menti ou non, je le paierai.* Awe amedanganya au la, nitamlipa. Na *quoi qu'il ait dit*, hata awe amesema nini. Sijui lugha nyingine inayopokelewa hivi na Kifaransa neno kwa neno, na huwa nafurahi kila ninapoikuta.

Pasipostahili subjonctif passé

*Espérer que* hufuatwa na kauli ya kawaida (indicatif): *j'espère qu'il est bien arrivé*. *Il est probable que* pia, tofauti na *il est possible que*.

*Après que* ni ugomvi wa muda mrefu. Tendo lililotangulia limeshatokea kweli, hakuna cha kutilia shaka, kwa hiyo Académie française, taasisi inayoiangalia lugha ya Kifaransa, inadai kauli ya kawaida: *après qu'il est parti*. Mitaani utasikia *après qu'il soit parti* kila siku, kwa kuvutwa na *avant que*. Unaposikia, usishangae. Unapoandika, fuata kanuni, maana msahihishaji wako ataifuata.

Kisha kosa ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote haya: kutumia subjonctif passé wakati kiima ni kimoja. *Je suis content que je sois venu* haikubaliki. Mtu akiwa yule yule pande zote mbili, weka kitenzi-jina cha wakati uliopita: *je suis content d'être venu, je regrette d'avoir dit cela, ne sors pas avant d'avoir fini*. Kabla ya kuandika *que*, uliza kwanza: ni mtu huyo huyo? Hata sentensi yangu ya kuliwa ilikuwa na haki ya *que* kwa sababu tu *il faut* haina mtu ndani yake.

Sentensi moja, mkononi

Chukua: "Nasikitika kwamba barua ulizoziandika hazijafika."

Kishazi huru: *je regrette*. Ni hisia, na viima vinatofautiana (mimi, barua), basi *que* pamoja na hali tegemezi. Kufika kulitakiwa kuwe kumekwisha, kwa hiyo passé. *Arriver* inachukua *être*. Barua ni nyingi, basi *soient*. Ukanushi unakizunguka kisaidizi, *ne soient pas*. *Lettre* ni ya kike, basi *arrivées*. Katikati kuna "ulizoziandika": -zo- na -zi- zinapiga kelele, kwa hiyo *écrites* kwa -es. Lakini je, *que tu as écrites* au *que tu aies écrites*? Hicho ni kishazi rejeshi kinachoeleza barua ni zipi, uliziandika kweli, hakuna hisia iliyokigusa. Kauli ya kawaida inabaki.

*Je regrette que les lettres que tu as écrites ne soient pas arrivées.*

Ukiweza kueleza kwa nini *as* na *soient* zinaishi katika sentensi moja bila kugombana, somo umelielewa.

Ukikutana na *eusse* na *fût*

Katika maandishi ya zamani, baada ya kitenzi kikuu cha wakati uliopita utakuta *bien qu'il fût venu, quoique nous eussions fini*. Hiyo ni subjonctif plus-que-parfait. Itambue, iheshimu, usiitumie. Wizara ya elimu ya Ufaransa, kwa amri ya tarehe 28 Desemba 1976, iliruhusu katika mitihani kuweka subjonctif passé mahali ambapo kanuni kali ingedai umbo hilo, na katika maandishi ya kawaida leo hata huo mjadala haupo.

Jaribu

Funika majibu, tafsiri haya:

1. Ingawa wamekosea, siwakasirikii. (wanawake)
2. Sidhani kama amepata muda.
3. Nitangoja hadi mmalize kula. (muwe mmemaliza)
4. Wewe ndiye mtu pekee aliyenisaidia. (anayesema ni mwanamke)
5. Nimefurahi kukuona. (nimeshakuona)

Majibu:

1. *Bien qu'elles se soient trompées, je ne leur en veux pas.*
2. *Je ne pense pas qu'il ait eu le temps.* Kama umeandika *aie*, rudi hatua ya kwanza.
3. *J'attendrai jusqu'à ce que vous ayez fini de manger.*
4. *Tu es la seule personne qui m'ait aidée.* Ile *m'* imetangulia, na *m'* ni mwanamke. Anayesema angekuwa mwanamume, -e ya mwisho ingeondoka.
5. *Je suis content de t'avoir vu.* Huu ulikuwa mtego: kiima ni kimoja, *que* haikuwa na kazi.